Mama na Eda Zake

Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, mara moja, yakaisha. Mama yangu alimkalia baba yangu eda mara themanini. Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye, anasema hazikufika hata kumi na tano. Lakini yeye alikuwa na kazi nyingi, huenda hakuhesabu vizuri. Mimi nilikuwa mbali, nilikuwa na nafasi nzuri ya kuhesabu.

Ya kwanza ilikuwa eda ya kweli. Baba alifia nyumbani kwetu Kilwa Kivinje kwa homa ya siku nne. Alikuwa mchuuzi wa ng'onda: alinunua samaki pwani, akawatia chumvi, akawaanika mpaka wakawa wagumu kama mbao za mlango, kisha akawapeleka Kiranjeranje kwa wakulima. Harufu yake ilifika nyumbani nusu saa kabla ya yeye mwenyewe. Tulipomzika, mama akaingia chumbani, pazia likashushwa. Akavaa nguo nyeupe, akaacha wanja, hina na udi, kioo kikageuzwa kuelekea ukutani. Akawa kizuka, kama tunavyomwita mjane aliye ndani ya eda, na aliikaa ile eda kama askari wa zamu. Siku zilipotimia wanawake wa mtaani wakaja wakamwogesha, wakamvisha kanga mpya, wakamfukiza, akatoka nje akapeana mikono na watu. Tukala pilau, tukatawanyika.

Dalili zilikuwapo, ila kila moja tulikuwa tumeipa jina lake. Alipouliza mara tatu kwa asubuhi moja kama wali umeiva, tulisema ni huzuni. Alipoacha sufuria tupu motoni mpaka ikawaka nyekundu, tulisema ni mawazo. Alipopotea akitoka sokoni, katika mji wa Kivinje ambao hata kuku mgeni hapotei, tulisema ni macho, tukamtafutia miwani.

Halafu siku moja mchana, mwaka mzima baada ya eda, mama alitoka chumbani amepaka wanja, kasuka, kajitanda kanga ya kwenda harusini, akaketi barazani kwenye mkeka. Mdogo wangu akamuuliza anakwenda wapi.

"Siendi popote. Namsubiri baba yenu. Leo kachelewa, chakula kinapoa."

Mdogo wangu alifanya ambalo mtu yeyote angefanya. Alimshika mkono akamwambia taratibu: "Mama, baba alishafariki. Ulimkalia eda, ukatoka."

Mama alipiga yowe lililosikika mpaka ufukweni. Watu wakaacha kazi zao wakaja mbio, wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanaume wamebeba mikeka, wakijua kuna maiti mpya. Mama alilia vile vile alivyolia siku ya kwanza, bila kupunguza. Kisha akafuta wanja, akavua bangili, akaomba nguo nyeupe, akaingia chumbani akashusha pazia. Alikaa eda siku tatu. Siku ya nne aliamka, akapaka wanja, akatoka barazani kumsubiri mumewe.

Daktari aliita demensia. Alieleza kwamba ubongo wa mama unasinyaa, kwamba hakuna dawa ya kuurudisha, na kwamba kazi iliyobaki ni ya watu wa nyumbani. Mdogo wangu alinipigia simu akanieleza, nami nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitalisoma jambo hilo. Inafaa niseme hapa kwamba mimi ni msomi. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na miaka arobaini na moja, kwenye masomo ya jioni, tukikalia madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa masikio. Mwalimu wetu alikuwa kijana mdogo kiasi kwamba tulimpa shikamoo kwa huruma tu. Kwa elimu hiyo nilisoma kila nilichokipata juu ya ugonjwa wa kusahau, nikakiandika kwenye daftari, kurasa arobaini. Daftari lilikaa kwangu Kitomanga, kwenye mikorosho yangu. Mama alikaa Kivinje.

Mdogo wangu alikuwa na miaka thelathini na nane. Aliolewa zamani, akaachika, akarudi nyumbani bila mtoto, na kwa kuwa alikuwa yuko tu nyumbani, kazi ikaonekana imempata mwenyewe. Hakuna kikao kilichokaa. Niliamua hivyo nikipalilia, yeye akakuta imeshaamuliwa.

Alikuwa na mbinu ambazo hazimo katika kurasa zangu arobaini. Kiberiti alikifunga kwenye pindo la kanga yake mwenyewe, kwa sababu hapo tu ndipo mama hakupekua. Aliswali ubavuni kwa mama kwa sauti ili mama amfuate, maana akiachwa peke yake aliweza kuswali adhuhuri mpaka ikakutana na alasiri. Alimwogesha akiimba. Asipoimba, mama aliona anavuliwa nguo na mtu asiyemjua, akaita mwizi, na mara mbili majirani walikuja na marungu wakamkuta mdogo wangu kashika dodoki.

Mimi nilikuja kila baada ya miezi miwili na gunia la mihogo. Nilikaa saa tatu, nikamchekesha mama, mama akacheka mpaka akashika mbavu, nikamwambia mdogo wangu, "Mbona mzima kabisa huyu!" kisha nikawahi gari.

Juu ya baba, mdogo wangu alijifunza upesi. Mama alipouliza, alijibiwa: "Kaenda Kiranjeranje na ng'onda."

"Haya," mama alisema. "Akirudi mwambie avue viatu nje."

Na siku ikapita salama. Angeweza kuulizwa mara ishirini, akajibu mara ishirini, kwa sauti ile ile, kama anayejibu mara ya kwanza.

Tatizo lilikuwa shangazi.

Shangazi, dada wa baba, alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Ni mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti kubwa. Akipiga chafya Kivinje, watu wa Masoko hujibu "yarhamukallah". Kila asubuhi alikuja kumjulia hali wifi yake, na kila asubuhi ambayo mama alimuuliza mumewe yuko wapi, shangazi alijibu: "Wifi, mumeo kafa. Yuko makaburini."

Basi yowe, nguo nyeupe, pazia.

"Shangazi, kwa nini lakini?" mdogo wangu aliuliza.

"Kaulizwa mtu mzima, kajibu mtu mzima. Wewe unataka niseme kaka yangu anazurura na samaki? Ana kaburi yule. Nimelifyeka kwa mkono wangu."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kiyama kama si fundi cherehani mmoja wa Masoko, mjane wa kiume, mpole, mwenye tepu ya kupimia shingoni kila saa, nadhani hata anapolala. Mdogo wangu alimpelekea kazi ya magauni ya mama. Mama alikuwa anajivua nguo mchana, mbele ya watu. Fundi alifikiri siku mbili, akashona gauni linalofungwa mgongoni, mahali mikono ya mama isipofika. Mdogo wangu aliporudi kuchukua la pili, alikaa dukani muda mrefu zaidi ya unaohitajika kuchukua gauni. La tano lilipokwisha, fundi akaleta posa.

Tulikaa sebuleni kwa shangazi kumpokea mjumbe. Mdogo wangu alipoitwa kutoa jawabu, alisema: "Mimi nimeridhika naye. Lakini sitoki nyumba ile mpaka nijue mama anakaa na nani."

Kwa fundi haikuwezekana. Alipanga vyumba viwili, choo kimoja, na mama mkwe wa watu anayejivua nguo hawezi kuwekwa hapo na mkwewe, heshima yote ingekwenda na maji. Mjumbe alisema fundi atasubiri mpaka kabla ya Ramadhani, ambayo ilikuwa wiki saba mbele. Watu wote sebuleni wakanigeukia. Mimi, kwa sauti ya mtu aliyesoma, nikasema: "Mama nitamchukua mimi."

Nyumbani Kitomanga mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Mlete," akasema. "Nitamwogesha, nitampikia. Ila akitoroka, wewe ndiye utakayemkimbiza. Mimi magoti yananiuma."

Basi nikakodi Noah, nikaenda Kivinje. Mama alikuwa katika hali nzuri. Mdogo wangu alikuwa amemfungia mizigo, kamwambia anakwenda kumsalimia mwanawe, na mama alishaingiza mguu mmoja garini. Hapo ndipo shangazi alipokuja kuaga.

"Wifi, safari njema."

"Ahsante, wifi. Mwambie kaka yako, akirudi, chakula kiko kabatini."

Nilimkazia macho shangazi. Mdogo wangu alimkazia macho. Dereva, ambaye hakujua lolote, naye akamkazia macho kwa kutuiga.

"Wifi," shangazi akasema, "kaka yangu kafa."

Mama alitoa mguu garini. Baada ya kilio alisimama mlangoni, kajifunika kanga uso mzima kwa ajili ya dereva, akasema kwa utulivu wa ajabu: "Mwanangu, unajua dini au hujui? Kizuka hatoki nyumba ya mumewe. Unataka watu waseme nini, kwamba maiti haijapoa na mimi nimepanda gari?"

Na alikuwa na haki. Ndiyo sheria yenyewe. Alisahau jina langu, alisahau kama amekula, lakini hukumu za eda alikuwa nazo zote, na hakuna kati yetu aliyeweza kumshinda hoja. Kumbeba kwa nguvu ningeweza, alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Lakini kumbeba kizuka kumtoa nyumbani, mchana, Kivinje nzima ikitazama, hilo hata kama ningekuwa na digrii nisingethubutu. Noah likarudi na mizigo tu, maana tulisahau kuishusha.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Shangazi alikuwa amesema tena siku moja kabla. Nilirudi tena. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nilikwenda kwa sheikh wa mtaa nikamuuliza, naye akanijibu vizuri kabisa: mama eda yake alishaikaa, imekwisha, na aliyeondokewa na akili hana dhambi. Nilikimbia kumpelekea shangazi fatwa hiyo.

"Nani kasema?"

"Sheikh."

"Yule nimemfuta kamasi mimi. Kawa sheikh lini?"

Zilibaki siku tisa kuingia Ramadhani. Niliketi uani kwetu Kivinje, shangazi akipepeta mchele, mdogo wangu akifua nguo za mama, na nikafungua daftari langu. Nilimsomea shangazi kwamba mgonjwa wa aina hii asilazimishwe kukumbuka. Nilimsomea kuhusu ubongo, sehemu ya mbele na sehemu ya nyuma. Nilisoma ukurasa wa tisa mpaka wa kumi na sita.

Shangazi alipuliza makapi. "Umemaliza?"

"Bado."

"Hilo daftari limewahi kumwogesha mama yako?"

Mdogo wangu alicheka pale kwenye karai. Kisha akaacha kucheka, akakamua nguo aliyoishika, akaitazama, akasema bila kumwelekea yeyote: "Nitamwambia fundi atafute mke mwingine. Kufua kumenichosha, na hili la kusubiri nalo linichoshe? Nitabaki na mama. Yamekwisha."

Alisema kama anayetangaza kwamba sabuni imekwisha. Akachukua nguo nyingine.

Shangazi aliweka ungo chini. Nilidhani atagomba, nikajitayarisha. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Nyie mlimlilia baba yenu siku tatu. Nilikuwepo, niliwaona. Siku ya nne wewe ulipanda gari ukaenda kwenye korosho zako. Huyu naye akawa na kazi zake. Watu wote Kivinje wamemaliza. Nikipita na kumtaja kaka yangu, wananiambia Mungu amrehemu, halafu wananiuliza bei ya nazi." Akaokota punje ya mchele kwenye paja lake. "Wifi nikimwambia, analia. Analia kilio chenyewe. Nakaa naye kule ndani tunalia wote, namsimulia kaka alivyokuwa, ananisikiliza kama hajawahi kusikia. Sina mtu mwingine wa kumlilia naye."

Kwenye daftari langu hapakuwa na ukurasa wa hilo. Shangazi alimaliza kupepeta mchele wake, akajitwika ungo, akaenda zake.

Kesho yake mapema mama alikuwa ndani ya eda, siku yake ya pili. Nilikuwa barazani nikinywa chai na muhogo nilipomwona shangazi akija na wanawake watatu wa mtaani. Wa mbele kabeba ndoo, wa pili chetezo, wa tatu doti ya kanga mpya ambayo karatasi yake ilikuwa haijatolewa. Niliamka kumpa shikamoo, akaniambia, "Marahaba, kaa hapo hapo, hili si la wanaume," akapita.

Pazia ni kitambaa tu, nilisikia yote.

"Wifi, amka. Leo unatoka eda."

"Leo?" Sauti ya mama ilikuwa na wasiwasi. "Siku zimetimia?"

"Zimetimia."

"Miezi minne na siku kumi?"

"Wewe ulikuwa unalia, mimi ndiye nilikuwa nahesabu. Nimehesabu mpaka zikazidi."

Yule yule ambaye hakuweza kusema kaka yake anauza ng'onda, alihesabu siku mbili zikawa mia na thelathini, na sauti haikutetemeka. Wanawake wakamchukua mama uani. Nilisikia maji. Nilisikia mdogo wangu akiimba wimbo wake wa kuogeshea, wengine wakaupokea hivyo hivyo ingawa si wimbo wa shughuli hiyo. Mmoja akamtania mama kwamba sasa wazee wote wa mtaa wataanza kunyoa ndevu, mama akamtukana tusi la kistaarabu, wakacheka. Udi ukaanza kutoka dirishani. Mimi nilikaa na kikombe changu na nikagundua kwamba muhogo wote nimeula.

Mama alitoka akiwa na kanga mpya, kioo kimegeuzwa, wanja umepakwa na shangazi mwenyewe, jicho moja juu zaidi ya jingine kwa sababu shangazi haoni vizuri. Alipeana mikono na watu waliokuwa barazani, mmoja mmoja, kama desturi inavyotaka. Alipofika kwangu alinitazama sana.

"Pole na wewe, baba," akaniambia. "Umefiwa na baba yako."

Nilisema nimeshapoa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi mtu kunipa pole.

Saa nne Noah lilikuwa mlangoni. Mdogo wangu hakuja nasi. Tulikubaliana kwamba akija, mama hatamwachia, na sote tutarudi. Alimwingiza mama garini, akamfunga mkanda, akampa pindo la kanga alishike, akafunga mlango kwa nje. Shangazi alisimama pembeni kafunga mdomo kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Mama alimpungia.

Tulipita Nangurukuru salama. Tulipofika Kiranjeranje, kwenye wauza mihogo na machungwa barabarani, mama alitazama nje akashtuka.

"Simamisha! Hapa ndipo alipo baba yako."

Eda ilikuwa imeshamtoka akilini, pamoja na kifo chenyewe. Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lingemfanya kizuka pale pale barabarani, na kizuka hurudi nyumbani kwa mumewe, na posa ya fundi ingeishia hapo. La pili sikuwahi kulisema hata mara moja, lilikuwa kazi ya mdogo wangu. Nililitafuta kinywani nikaliona gumu kama ng'onda wenyewe.

Dereva akasimama, maana alishamwogopa mama. Mama akafungua dirisha, akamwita mwanamke wa makamo aliyekuwa na sinia la machungwa.

"Shikamoo, mama," yule mwanamke akasema.

"Marahaba. Umemwona mume wangu? Muuza ng'onda wa Kivinje, mrefu, ana kofia ya kijani."

Mwanamke alifikiri. "Yule mcheshi? Namjua, tulikuwa tunanunua kwake. Hajapita huku siku nyingi sana."

Mama alinigeukia. Nilijua zamu yangu imefika.

"Atakuwa kaenda vijiji vya ndani," nikasema. "Kule hakuna simu."

Ilitoka vizuri. Mama aliguna. "Nilijua tu. Hasemi anakwenda wapi huyu mwanamume. Twende bwana, hatumsubiri. Akifika nyumbani asitukute, shauri yake." Akapandisha dirisha, akaudhika mpaka Mbwemkuru, kisha akasahau alichoudhikia, akabaki ameudhika tu.

Mdogo wangu aliolewa siku tatu kabla ya Ramadhani, sebuleni kwa shangazi. Sikwenda. Mtu wa kumkimbiza mama alikuwa mmoja, na wiki ile mama alikimbia kama mwanariadha. Nilimfuata mpaka mwisho wa mikorosho yangu na kuingia ya watu. Alikuwa hatoroki hasa. Alikuwa anarudi nyumbani, tatizo ni kwamba nyumbani kulikuwa saa kadhaa kwa gari. Nilijifunza kutomvuta mkono. Nilitembea naye, nikamwambia na mimi naelekea huko huko, tukazunguka, tukatokea mlangoni kwangu, akanishukuru kwa kumsindikiza. Nilijifunza kufungia kiberiti. Wimbo wa kuogeshea mke wangu aliuchukua kwa simu, mdogo wangu akiuimba upande wa pili, fundi akisikika nyuma akimwambia amekosea beti. Shangazi hupiga kila Ijumaa kuzungumza na wifi yake. Mama humuuliza kaka yake hajambo. Shangazi husema hajambo, kisha huomba nimpe simu mimi, na huko kwangu ndiko huanza kumsimulia kaka yake. Namsikiliza. Nimegundua sikuwa namjua sana baba.

Baada ya Idi mdogo wangu alikuja Kitomanga kututembelea. Alikuwa amenenepa kidogo, ana hina mikononi, kabeba magauni manne mapya ya kufungwa mgongoni. Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua mchicha, yaani anatupa majani na kuweka vijiti. Aliinua macho akamwona mwanamke amesimama uani.

"Karibu, mgeni," akasema. "Mpeni mgeni kiti."

Mdogo wangu alinitazama. Miaka mitatu alimwogesha, na walikuwa wametengana miezi miwili tu. Aliketi chini kwenye mkeka badala ya kiti, akavuta mchicha upande wake, akaanza kuuchambua sawasawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali?"

"Masoko."

"Na hina hii! Umeolewa?"

"Nimeolewa, mama. Juzijuzi."

"Alhamdulillahi. Mume mzuri?"

"Mzuri. Fundi cherehani."

Mama alifurahi kabisa, akampigapiga gotini. Kisha akaacha mkono pale, uso ukabadilika kama wa mtu aliyekumbuka jambo la maana.

"Na mama yako umemwacha na nani?"

Mdogo wangu aliendelea na mchicha. Alitoa majani matatu, manne.

"Nimemwacha kwa kaka."

"Kaka?" Mama alishtuka. "Mwanamume? Anaweza?"

"Anajifunza."

"Mh." Mama hakuridhika hata kidogo. Alinitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na kikombe chake cha uji mkononi, akanitazama kuanzia miguuni mpaka juu, kisha akamsogelea mgeni amnong'oneze, ingawa nilisikia kila neno.

"Nenda ukamwangalie," akamwambia. "Hawa hawajui kama uji unapozwa kwanza."